Dada Aliyeanguka Tukapiga Makofi

Wapendwa waombolezaji, mimi ni mdogo wa marehemu, na kabla sijasoma wasifu wake niseme wazi kwamba siku dada alipoanguka kanisani katikati ya wimbo, mimi ndiye niliyepaza sauti, "Roho ameshuka, mwacheni!", tukapiga makofi, kumbe damu haifiki kichwani, Mungu anisamehe.

Dada alizaliwa tarehe 9 Mei 1952, akasoma hadi darasa la saba, ingawa darasa la nne alilikosa nusu kwa homa ya viungo iliyofuata maumivu ya koo, homa tuliyodhani imekwenda zake, kumbe imeacha kovu kwenye moyo.

Mwaka 1970 aliajiriwa kupiga pasi katika chumba cha udobi cha hoteli, na tarehe 6 Desemba 1975 akafunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa lifti, wakajaliwa mabinti wawili, na baadaye alipoanza kusimama katikati ya ngazi akihema, tulimtania kwamba mumewe amemdekeza.

Alipoanguka tena, Agosti 2009, binti yake mkubwa alimpeleka hospitali bila kutuuliza, daktari akamsikiliza kifua, akasikia mvumo, na picha ya moyo ikaonyesha kwamba valvu, yaani mlango wa kupitishia damu kwenda mshipa mkuu, imekakamaa, inafunguka upenyo tu, wala hakuna kidonge cha kuifungua, ni kuibadilisha au kungoja kifo.

Sisi wa kikundi cha maombi tukamwambia upasuaji ni kupungukiwa imani, naye akatujibu, "Jino likikuuma, mdogo wangu, wewe hukimbilia wapi? Ombeeni mikono ya daktari, na mnipishe nipite," akapasuliwa tarehe 17 Februari 2010, akawekewa valvu ya chuma, akarudi kwenye kwaya, valvu ikigonga tik tik kifuani, wenzake wakamwita Mama Saa, naye akawaambia angalau yeye haimbi nje ya mapigo.

Wapo waliosema, na wengine wamo humu, kwamba kisu kile kitamuua, lakini alimeza dawa yake ya kuzuia damu isigande, akaishi miaka kumi na mitatu, akaenda kuwazika baadhi ya waliokuwa wakimhurumia, na tarehe 3 Juni 2023 ni nimonia iliyomchukua, si valvu, hilo nalisema kwa sauti ili lisigeuzwe huko nje.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha naye, na wenzake wa udobi waliompigia pasi gauni alilovaa leo.

Pumzika kwa amani, dada, hukumwogopa mtu.

Nanyi mliobaki, nawaomba jambo moja tu, pumzi ikikukatika kwa kazi ndogo, usiseme ni umri, nenda ukasikilizwe moyo wiki hii.