Wenye Fimbo Saba

Katika basi dogo la asubuhi kutoka Mlalo walikuwamo Bi Hawa Shekiondo, mwenyekiti wa wazee, na wenzake sita wenye fimbo. Diwani Amiri, aliyepandia njiani, Kwai. Na Mwalimu Imelda, aliyekuwa akisahihisha madaftari mpaka mabishano yalipoanza kwenye kiti cha mbele yake.

"Shikamoo, bibi. Nasikia leo barazani mnaombea fedha kituo cha wazee," alisema diwani. "Nitawaunga mkono. Lakini fomu yenu iseme ni kituo cha wasiojiweza, ili wenzangu wawahurumie. La sivyo, fedha zitakwenda kwenye barabara."

"Marahaba. Nani hajiwezi?"

"Ni neno la kiofisi tu, bibi."

"Msingi wa kituo tumeujenga sisi kwa msaragambo, kazi ya pamoja, kila mzee akibeba mawe kutoka shambani kwake. Hata matuta yanayozuia udongo usiifukie hiyo barabara yako, tuliyachimba sisi. Tunachotaka ni mabati. Huruma kaa nayo."

Wazee waligonga fimbo sakafuni. Imelda, ambaye kwa kawaida angewaomba watulie, alifunika kalamu yake nyekundu.

"Mtakosa vyote, bibi," diwani alisihi. "Mnapenda sifa kuliko paa?"

Gari lilipofika chini ya kilima cha halmashauri, Bi Hawa aligonga dirisha kwa fimbo.

"Dereva, simama. Wenzangu, sote tunashuka hapa. Barazani tunapanda kwa miguu yetu, na madiwani watutazame kutoka madirishani."