Mgongo wa Bwana Subiri

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupokea simu za kampuni yetu ya maji, Bwana Subiri anastaafu rasmi leo Ijumaa, tarehe 31. Jina lake halisi limo kwenye faili la utumishi, na huko limetulia kwa sababu hakuna anayelitumia. Hili la Subiri alipewa na wateja. Kila wakipiga, sauti nzito na ya upole iliwaambia, "Subiri kidogo, mpenzi mteja," nao wakasubiri kidogo, kisha kidogo kingine, na mara nyingi kidogo cha tatu.

Aliajiriwa akiwa kijana mwembamba, enzi za swichibodi ya nyaya, ambayo ilimtaka opereta awe na mikono minne na Mungu alishampa miwili. Hakuwahi kumjibu mteja vibaya, hata yule aliyepiga kila Jumatatu kututukana idara kwa idara. Amewafundisha maopereta wote tulionao, na sasa wote wanaongea kama yeye. Mke wa mmoja wao ameshalalamika kwamba huko nyumbani naye anaitwa mpenzi mteja.

Hayo ni ya kazini. Sasa tuje kwenye gitaa.

Bwana Subiri hupiga gitaa la solo, na rithimu ya kumsindikiza huitengeneza mwenyewe sebuleni kwake. Anarekodi kwanza nyuzi nene zikitembea taratibu, anaongeza gitaa la pili la kujaza, na ngoma zake ni droo ya kabati, kopo la majani ya chai na cherehani ya mkewe, fundi nguo ambaye mtaa mzima unamwita Mama Cherehani. Wakiwa wamepatana, cherehani hiyo huenda kwa mwendo wa kubembeleza. Rithimu yake ya kasi kuliko zote ilirekodiwa siku waliyokosana kuhusu paa linalovuja.

Rithimu ikiwa tayari, huiachia icheze naye akabuni solo juu yake papo hapo. Anaanza na sauti tatu nne, anazizungusha, anazipandisha, anazirudisha, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi. Taa ikiwaka, hata asiyejua muziki anajua imewaka. Solo zenyewe hazirekodi kamwe. Kwake yeye, solo ya jana ni kiporo.

Ana kilema kimoja tu: hawezi kupiga akitazamwa. Ujanani, mjomba wake aliyekuwa na bendi ya harusini alimsukuma mbele apige solo moja. Kijana akainua macho, akakutana na macho ya mama wa bibi harusi, na vidole vikasahau njia ya kurudi. Alirudia kipande kilekile mpaka wageni wakala, wakanawa, na wengine wakaaga. Tangu siku hiyo hupiga akiwa ameuelekea ukuta, hata nyumbani kwake. Mama Cherehani, aliyeishi naye miaka yote hii, aliyezaa naye na kulea naye, hajawahi kuuona uso wa mumewe akipiga gitaa. Aliwahi kutuambia, akicheka lakini si sana, "Wenzangu wameolewa na wanaume. Mimi nimeolewa na mgongo."

Tunakuja kwenye kosa lililomfanya maarufu. Tulipoletewa mitambo mipya ya simu, ilikuja na muziki wa kuwaburudisha wanaosubiri, muziki wa kumfanya mtu aanze kuulizia mazishi ni saa ngapi. Bwana Subiri akaomba aweke rithimu zake, na mkurugenzi akakubali. Ikawa kila saa saba mchana, sisi tukienda kula, yeye anavaa vipokea sauti, anaugeukia ukuta na kufanya mazoezi ya solo juu ya rithimu ileile. Siku moja, ili alisikie gitaa lake vizuri zaidi, akachomeka waya wake, pamoja na vipokea sauti vyake vyenye maikrofoni, kwenye kisanduku kilichokuwa karibu. Kisanduku hicho ndicho kilichopeleka muziki kwa wateja.

Mimi niko dawati la malalamiko, kwa hiyo dalili ya kwanza ilinifikia mimi. Alipiga bibi mmoja, sauti ya kutetemeka, akasema, "Sina shida ya maji, mwanangu. Nataka kujua tu, kidole cha yule baba kimepona?" Nilidhani fundi bomba wetu ameumia kwake, nikatuma gari na sanduku la huduma ya kwanza. Kumbe siku iliyotangulia Bwana Subiri aliteleza kwenye sauti moja, akafoka, "Wewe kidole, ipo siku nitakukata!" na foleni nzima ya wateja ikasikia.

Hatukumwambia. Ofisi nzima, ambayo haijawahi kutunza siri hata ya mwanya wa meno, iliitunza hii. Tulijua akigundua ana wasikilizaji, vidole vitaganda. Basi simu za saa saba zikafurika. Nilipopokea haraka nilikaripiwa: "Mbona na wewe una haraka hivyo? Hebu nirudishe nilikokuwa." Mhandisi mkuu, aliyekuwa mgeni, alipoona malalamiko yanapanda kila siku wakati wa chakula, akachimba barabara mbili akitafuta bomba linalopasuka saa saba. Hakulipata, na wenye maduka wa barabara hizo bado hawamsalimii.

Hapo ilibidi aambiwe ukweli, na ukweli ukamfikia na Bwana Subiri. Aliona aibu mpaka tukaona aibu sisi. Alichomoa waya, akalipeleka gitaa nyumbani, na wiki nzima saa saba ilikuwa na rithimu tupu, ikienda peke yake. Aliyemponya ni yule bibi. Alipiga akaomba azungumze na mwenye kidole, akamwambia, "Baba, mimi huku sikuoni. Hata nikitaka, siwezi. Wewe piga." Jumatatu iliyofuata gitaa likarudi, na mgongo ukarudi nalo.

Wiki iliyopita Mama Cherehani alikuja ofisini kupitia mlango wa nyuma. Alikuwa amesikia tunajadili zawadi, saa ya ukutani au seti ya makochi. Akasema makochi anayo na saa anayo. "Mimi nipeni uso wake," akasema, na safari hii hakucheka. Mhasibu akafuta saa na makochi kwenye orodha yake.

Kwa hiyo, Bwana Subiri, kwa kuwa tunakujua husomi ratiba, kama hii uliyoishika, mpaka sherehe ianze, sasa inua macho. Viti vimepangwa mduara kuuzunguka ukumbi wote, na hakuna ukuta ambao haujakaliwa. Gitaa lako liko katikati; tulilichukua asubuhi ulipokuwa unakunywa chai, na tunaomba radhi kiasi. Rithimu tumeitengeneza wenyewe kwa mihuri ya masjala, ndoo ya mfagizi na mhandisi mkuu akigonga bomba. Mwendo unayumba kidogo, maana mhasibu alikuwa anataka kwenda nyumbani. Hujawahi kuisikia, na mlango tumeufunga.

Ahsante kwa subira yako kwetu na kwa wateja ambao tuliwakorofisha na wewe ukawatuliza. Tutakukumbuka kila saa saba, na tutakukumbuka vibaya sana, kwa kukukosa. Uende salama, baba, ukaishi maisha mema na marefu, wewe na nyumba yako, na mikono yako isichoke.

Rithimu inaanza sasa hivi. Mtafute Mama Cherehani, ukimwona usigeuke tena. Miwani ya kushonea ameiacha nyumbani. Leo amevaa ile ya kuonea mbali.