Redio Inakula Betri Kiasi Gani

Mwaka ule tulikuwa tumeshahamia kijiji cha ujamaa, hapa Misima, na kijiwe chetu kilikuwa gogo mbele ya nyumba ya Mbaruku, mpika kahawa. Tulimwita Injini, kwa sababu alipata kufanya kazi kwenye mashine za mkonge Korogwe. Alasiri hiyo tulikuwa watatu: yeye, mimi, na Lukasi wa kutoka Usambara, tuliyemwita Mlimani. Mke wangu Mwaija, Mungu amrehemu, tulikuwa tumemzika Ijumaa. Mwanetu Rehani alikwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya miwa, wala hatukujua shamba gani. Tukapeleka tangazo la kifo redioni, wamtaje Rehani kwa jina, asikie arudi. Lakini betri za redio yangu zilikuwa zimechoka, na dukani hakuna. Tangu asubuhi nilizianika juani, kama tulivyozoea, zipate nguvu kidogo, kisha nikazirudisha redioni.

Redio ilikuwa kwenye salamu na muziki.

— Zima, Mzee Mhina, alisema Injini. Inazila betri zote nne, iseme isiseme.

— Uongo, alisema Mlimani. Redio inakula kadiri unavyoidai. Punguza sauti tu.

— Wewe wa kwenye ukungu, umeme umeujulia wapi?

— Na wewe ulikuwa unapaka grisi, Injini. Umeme hukuugusa.

— Ningeugusa ningekuwa hapa? Sikiliza. Ngoma inakula kuliko maneno. Ngoma ni nzito.

— Basi taarabu ya jana imekula betri ya mwezi mzima!

— Tena inategemea umbali. Sauti inavutwa kutoka Dar es Salaam mpaka huku Handeni. Unadhani inavutwa na nini?

— Kwa hiyo redio iliyoko Dar es Salaam inakula kidogo, kule ni karibu?

— Ndiyo maana watu wa kule wamenenepa.

Nilicheka, mara ya kwanza tangu Ijumaa. Kisha nikaizima. Niliogopa isije ikanyamaza katikati ya jina la Mwaija.

— Kivuli cha nyumba kikigusa mafiga, fungua, alisema Injini. Ndiyo saa ya matangazo.

Wakarudi kwenye ubishi. Mlimani akasema redio ikizimwa betri zinalala. Injini akasema hata ikizimwa inazilamba polepole. Nami nikawa nawasikiliza. Nilipotazama, kivuli kilikuwa kimeshapita mafiga, kimepanda kwenye birika.

Nikafungua upesi.

"...Habari ziwafikie ndugu na jamaa wote popote walipo. Huo ndio mwisho wa matangazo ya vifo."

Zamda, mdogo wake marehemu, akatokea na jembe begani. Alikuwa ametembea haraka.

— Shikamoo shemeji.

— Marahaba.

— Rehani wamemtaja?

Injini akainamia birika, akalitikisa. Lilikuwa tupu. Mlimani akatazama miguu yake. Zamda akatuangalia mmoja mmoja, kisha akaketi chini, palepale kwenye vumbi.

Redio ikaanza kupiga ngoma. Hakuna aliyeizima. Ikapiga mpaka adhana ya magharibi, na sauti yake haikufifia hata kidogo.