Mzee Wiki Sita na Samaki wa Buluu

Marehemu hakuwahi kutia mkono katika maji ya samaki kabla ya kunawa hadi viwiko kwa maji matupu, bila sabuni, na kuingoja mikono ikauke yenyewe. Hata wajukuu wachanga aliwapokea hivyo. Mtoto alilia, yeye amesimama mikono juu, ikimchuruzika.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa fundi bomba na mshonaji. Alianza shule mwaka 1958, akaiacha kidato cha pili baba yake alipougua. Masomo aliyamalizia madarasa ya jioni, akiwa mtu mzima na ndevu zake.

Mwaka 1974 aliajiriwa kuosha matangi katika jumba la maonyesho ya samaki wa baharini, na miaka kumi baadaye akawa msimamizi. Kila samaki mpya alimtenga katika tangi dogo kwa wiki sita, hata awe mzima kiasi gani. Ndipo wenzake wakambandika jina la Mzee Wiki Sita. "Mdudu wa ugonjwa wa samaki humwoni akiingia," aliwaambia. "Anashuka mchangani, anazaliana, anarudi na jeshi. Ukiona madoa, umeshachelewa."

Tarehe 3 Desemba 1977 alifunga ndoa na muuguzi, baada ya uchumba wa miaka minne. Mama akiulizwa kwa nini ilichukua muda wote huo, hujibu, "Nilikuwa karantini." Na marehemu alizoea kudakia, "Na hakutoka doa hata moja."

Agosti 1991 binti yake mkubwa, ndiye anayewasomea wasifu huu, alikuwa na miaka kumi na mmoja. Katika tangi dogo walikuwamo samaki sita wa buluu, na mmoja alikuwa akifukuzwa na wenzake. Binti alimwonea huruma. Baba alipokwenda stoo kupokea magunia ya chumvi, akamchota kwa wavu na kumtia katika tangi kubwa la maonyesho.

Siku ya tisa samaki wa tangi kubwa walitoka madoa meupe kama chembe za chumvi. Walijisugua kwenye mawe, wakahema juu ya maji. Marehemu aliwahamishia waliobaki katika mapipa yenye dawa ya shaba, akaliacha tangi bila samaki kwa wiki nyingi ili wadudu wafe kwa kukosa pa kushika. Walikufa samaki thelathini na mmoja. Mkurugenzi alipouliza, alijibu, "Ni uzembe wangu." Alivuliwa usimamizi, akarudi kuosha matangi kwa miaka miwili. Binti alimtazama kila asubuhi akitoka na ndoo, akanyamaza. Alinyamaza miaka thelathini na mitatu.

Marehemu alistaafu mwaka 2011. Januari 2024 figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara tatu. Alifariki tarehe 9 Oktoba, saa kumi na moja alfajiri. Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano na dada yake mdogo. Baba, maumivu yamekwisha, lala salama.

Jioni ya tarehe 8, kabla wageni hawajaambiwa watoke wodini, binti alimweleza habari ya yule samaki, yote, ameshika ukingo wa kitanda. Marehemu alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Nilijua, mama," alisema. "Kuna jambo nataka nikwambie kuhusu siku ile, ila nimechoka. Njoo kesho asubuhi."