Melania Limi, Mtunza Mapambo ya Mtemi

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya ukoo wa mzee Mihayo, mimi Masele, mtoto wa kwanza wa marehemu, nawasomea maisha ya mama yetu, Melania Limi, nami nitajitahidi sauti isikatike, maana yeye hakupenda mtu anayesoma huku analia.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1914 huko Kishapu, binti wa mzee Mihayo, mtunza mapambo ya mtemi, yaani taji la shanga, vikuku vya shaba na ngozi ya simba, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, mwaka 1927, kisha akarudi kumsaidia baba yake kutunga upya shanga zilizokatika.

Tarehe 12 Juni 1933 alifunga ndoa na baba yetu, Kalisti, baadaye fundi mbao katika machimbo ya dhahabu Geita, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Philomena na Ignas, na baba alipofariki mwaka 1944 mama akaturudisha Kishapu.

Mwaka uliofuata babu naye alifariki, akamwachia mama mapambo, kwa kuwa kaka yake, mjomba Maduhu, alikuwa vitani Burma, na mtemi mpya, mtu wa suti, hakuyaulizia kamwe. Mchwa walipoanza kula ile ngozi, mwaka 1952, mama aliyakabidhi kwa nyumba ya makumbusho iliyokuwa ikiandaliwa mjini Shinyanga, akaajiriwa kuyatunza. Mjomba alisema mapambo huvaliwa na mtemi, hayatundikwi kwenye kioo kama bidhaa za dukani, akaapa kutokanyaga kwa mama wala kwenye msiba wake, jambo lililomuumiza mama kuliko ujane.

Ilipotangazwa mnadani kwamba makumbusho ya mtemi yatafunguliwa Julai 1953, watu wa Kishapu walielewa ni matanga, wakaja wamenyoa vichwa, wamebeba unga na mbuzi, kwani mtemi wa zamani alizikwa kwa siri, kama ilivyo desturi, na hakuna aliyemlilia. Msimamizi, Bwana Herman, alitaka kuwaelewesha, mama akamwomba angoje, akafungua kabati, akaketi chini, akalia pamoja nao. Mbuzi aliliwa, na Bwana Herman alikula. Mjomba hakuja.

Mwezi Mei mwaka huu marehemu alianza kuugua ini, akalazwa Shinyanga, akafariki tarehe 14 Agosti 1958, alfajiri, baada ya kuuliza mara nyingi kama kaka yake amefika.

Tunawashukuru waganga na wauguzi, majirani waliotuchotea maji, na wenzake wa makumbusho wakiongozwa na Bwana Herman. Tunamshukuru pia mjomba Maduhu, mliyemwona leo tangu asubuhi akiwa ndani ya kaburi, akikataa kupokewa jembe hadi kaburi lilipokamilika.

Mama, pumzika kwa amani, kaka yako amefika.