Devaki Alivaa Kandambili za Buluu

Pale Hetauda, nchini Nepali, malori yanapopunguza mwendo kuingia kona ya soko, kuna benchi mbele ya banda la chai la Tulasa, na mvua za mwaka huu zimeligeuza benchi hilo kituo cha polisi. Wapelelezi wake ni watatu, na hakuna kati yao aliyewahi kukamata hata mwizi wa kuku. Dambar, mume wa Tulasa, alikuwa dereva mpaka mgongo ulipomgomea. Siku hizi wanamwita Inspekta. Lokendra alifanya kazi Katar akarudi na miwani ya jua, basi jina likawa Katari. Wa tatu ni Mwalimu, mstaafu wa hesabu, asiyekubali jambo mpaka alipinge kwanza. Wanamtafuta Devaki, mama wa watoto wawili huko Itahari, aliyetoka asubuhi kupeleka maziwa, akapita mbele ya kamera ya duka la dawa, asionekane tena. Nchi nzima inamtafuta kwenye simu. Tulasa ndiye anayewachemshia chai, na kusema kweli, huyo Devaki amemchoka mpaka rohoni.

— Tuanze upya, alisema Dambar, simu karibu imguse pua. Devaki alivaa nini miguuni?

— Kandambili za buluu, alijibu Katari.

— Ukanda?

— Wa kulia umeshonwa kwa uzi mwekundu.

— Haya! Mwanamke aliyevaa kandambili za kushonashona hakwenda safari. Huyu kachukuliwa! Niliandika hivyo, watu wakaipenda mpaka simu ikapata moto.

— Na mpelelezi mwenzako wa simuni, Jicho la Tai wa Pokhara, kaandika hilohilo jioni yake, alisema Mwalimu akipuliza chai. Kapendwa mara mbili yako.

Dambar aliruka kama aliyekalia siafu.

— Yule mwizi! Kaniibia kandambili zangu!

— Zako, au za Devaki?

— Mwalimu, usinichokoze. Mimi ndiye niliyeuona ule uzi. Mimi! Nililala na ile picha kifuani.

Tulasa alisikia hilo akiwa kwenye jiko, akaikoroga chai kwa nguvu mpaka ikamrukia mkononi. Alikuwa na wivu, tena si wivu mdogo. Alimwonea wivu mwanamke ambaye huenda hata hai hakuwa. Aliwahi kuiona video ya binti yake Devaki akilia, naye akalia, akajiapiza kutomsema tena mama wa watu. Lakini kila Dambar alipotamka Devaki, Devaki, Devaki, kwa sauti ile laini, nyongo ilimpanda upya. Yeye Tulasa, tangu aolewe, mumewe alimwita “we” mpaka alipozaa, na baada ya kuzaa akawa Mama Susmita. Ndivyo wanavyoitwa wake za watu mtaani, na hakuwahi kuona ubaya wake mpaka Devaki alipopotea.

— Bibi huyu hayupo Nepali, alisema Katari akivua miwani ili aaminiwe. Nawaambia mimi niliyeishi uwanja wa ndege. Kapewa pasi ya mtu mwingine, sasa hivi anaosha vyombo kwa sheikh.

— Na kandambili?

— Kavalishwa viatu.

— Acha fiksi, bwana, alisema Mwalimu. Tazameni mwendo wake kwenye kamera. Devaki huegemea kushoto, jirani yake kasema. Huyu wa kwenye kamera kaegemea kulia. Si yeye. Huyu ni pacha wake.

— Ana pacha?

— Hajulikani. Ndiyo maana kafaulu!

— Basi pacha kamficha wapi mwenzake? alidakia Dambar, kijicho kimeshamshika. Nitakwambia. Chini ya kile kinu cha mpunga nyuma ya duka. Pana handaki. Na mwenye kinu, nimefuatilia, ni shemeji wa nani? Wa Jicho la Tai!

— Weee!

— Ndiyo! Kwa nini kila kitu anakijua kabla yangu?

Tulasa alitoka na sinia la bilauri. Siku hiyo ilikuwa mkesha wa Tij, sikukuu ya wanawake, na wanawake wa mji mzima walikuwa wamejipamba kwa karamu ya jioni kabla ya kufunga. Yeye alikuwa amevaa sari ya manjano yenye pindo la zambarau, aliyoletewa na mama yake, haijawahi kuguswa na moshi. Alikuwa amepita nayo mbele ya mumewe tangu asubuhi. Sasa akasimama mbele yake kabisa.

— Baba Susmita.

— Mm.

— Kaka yangu kapiga simu tena. Yuko njiani kunifuata, nikale Tij nyumbani kwetu.

— Sogea kidogo, unanizibia mwanga.

Akasogea.

— Nimwambieje?

— Si nilishasema? Ukienda, chai atapika nani? Hebu niongezee sukari. Mwalimu, hilo handaki lina milango miwili.

— Shemeji, na mimi sukari, alisema Katari bila kuinua uso.

Tulasa aliwawekea sukari. Kisha akaenda jikoni, akaijaza sufuria maziwa na maji, akatupia majani na iliki, akawasha moto mkubwa. Alipomaliza hakubaki kuingoja ichemke. Alivuka barabara.

Ng'ambo, chini ya turubai, Bibi Jaibun muuza bangili alikuwa amezungukwa na wanawake wamechuchumaa, migongo imeelekea barabarani, kila mmoja akingoja mkono wake uminywe. Tulasa akajipenyeza katikati yao.

— Unakwenda kwenu safari hii? aliuliza Bibi Jaibun, akimpaka sabuni vidole.

— Sijui, bibi. Nivalishe mkono mmoja kwanza.

— Mmoja? Nani anavaa bangili za Tij mkono mmoja?

— Anza tu. Tutaona.

Bangili za kijani na nyekundu zilikuwa zinapita kifundo kwa taabu, wakati lori la saruji liliposimama kwa kishindo mbele ya banda. Dereva mmoja mnene akashuka, mgeni kabisa wa mahali pale.

— Namasté jamani. Mwenye chai yuko wapi?

— Yupo ndani, alisema Dambar.

— Ndani hamna mtu. Chai yote imemwagika, sufuria inaungua. Hamsikii harufu?

Walikuwa hawajaisikia. Katari alikimbia kuzima jiko, akarudi akipuliza vidole.

— We! Mama Susmita! aliita Dambar. Alikuwa hapa sasa hivi.

— Kaelekea wapi? aliuliza dereva.

Katari alionyesha mtoni. Mwalimu alionyesha sokoni.

— Mimi naingia sokoni, alisema dereva. Nikimwona nitamwambia jiko lake linataka kuchoma mji. Kavaa nini?

— Kavaa sari, alisema Dambar.

— Kaka, leo mji mzima ni sari. Rangi gani?

Dambar akamgeukia Katari.

— Nyekundu, alijaribu Katari. Tij wote wanavaa nyekundu.

— Kijani, alisema Mwalimu, kwa kuwa Katari kasema nyekundu.

Wakamgeukia Dambar. Dambar akaitazama simu yake, halafu akaiweka chini taratibu. Akatazama barabara yote. Macho yake yakafika ng'ambo, yakapita juu ya migongo ya wale wanawake mmoja mmoja, wa manjano nao yakaupita, yakaendelea mpaka kwa fundi wa matairi. Tulasa, aliyekuwa amegeuza shingo anamwangalia, aliurudisha uso kwenye bangili.

— Miguuni je? aliuliza dereva.

— Miguuni... alisema Dambar, akiitazama miguu yake mwenyewe.

— Mama weee! Mkeo huyo?

— Mke wangu.

— Basi nipe hata jina lake, nitaita njiani.

— Sisi tunamwita shemeji, alisema Katari kwa sauti ndogo.

Dambar alisimama, na mgongo wake ule mbovu. Midomo ilicheza kwanza bila sauti.

— Tulasa, alisema, kama anayeonja kitu cha moto. Kisha kwa nguvu, uso umempauka: Tulasa! Weee Tulasa! Tulasaaa!

Benchi zima lilimshangaa. Hata fundi wa matairi aliacha nyundo.

— Mwanangu, alisema Bibi Jaibun, si wewe huyo unayeitwa?

— Ni mimi. Namsikia.

— Hutaitika?

Tulasa alijifuta machozi kwa mkono uliojaa bangili, akaunyoosha ule mwingine.

— Nivalishe na huu, bibi. Kaka yangu yuko njiani.