Mteja Mwenye Miwani Mia Tatu

Kijiwe cha Hamida, nyuma ya stendi ya Rangi Tatu kule Mbagala, kina benchi moja refu, birika la kahawa chungu na wajuzi wa kila kitu. Asubuhi ile Benedikto alifika pale amenyong'onyea, hata kashata hakuitazama. Yeye ni karani wa Macho ya Mtaa, kishirika kinachowauzia mafundi cherehani na wachonga vinyago miwani ya kusomea kwa bei ya kutupwa. Kila mwaka wateja wanatakiwa warudi kupimwa, na hawarudi. Mfadhili akachoka na ripoti za "hawajarudi", akawaletea mfumo mpya wa kompyuta, unaotunza taarifa za wateja na kuwaita kwa meseji. Miezi sasa meseji zinakwenda. Watu ndo kwanza wamezidi kupotea!

— Shikamoo, Mzee Sadallah.

— Marahaba, mwanangu. Kulikoni?

Mzee Sadallah ndiye Mnara. Mtaani kwao asiye na simu, au aliyeibiwa simu, huandikisha namba ya mzee. Simu ikiita, Mnara anapaza sauti mpaka mwenyewe anatoka ndani mbio.

— Jana mfumo uliniuliza, akasema Benedikto. Eti kuna wateja wamejirudia, niwaunganishe? Mie nikaona kuunganisha watu ni jambo la heri. Nikabonyeza ndiyo.

— Sasa ubaya uko wapi? akauliza Hamida.

— Mfumo unawatambua watu kwa namba ya simu, dada! Na wateja wote hawa wa mtaani wameandikisha namba ya Mnara. Wamegeuka mtu mmoja, na ripoti imeshaenda: mteja mmoja, miwani mia tatu. Jina lililobaki ni la mzee hapa, maana ndo alijiandikisha wa kwanza.

Mnara akaweka kikombe chini.

— Mie?

— Wewe. Afisa wa mfadhili yuko njiani. Anasema unauza miwani ya msaada kwa jumla. Asiporidhika, ofisi inafungwa leo leo. Mie sina kazi, na wachonga vinyago wataanza kujichonga vidole.

Valerian akakohoa. Ni dereva wa bajaji anayechambua mechi ambazo hajaziangalia, na jina lake la kijiweni ni Mchambuzi.

— Ishu ndogo hiyo, braza. Semeni mzee huwa anaikalia miwani. Akikaa tu, kwisha habari yake.

— Mia tatu?

— Basi anakaa sana.

— Bora tuseme ana wake wengi, akasema Hamida. Na kila mke ana ukoo wake.

— Weee! Mke wangu akisikia hilo, hata haya macho mawili hanibakizii.

— Basi tuseme amefariki! Mchambuzi akasimama kabisa. Marehemu hahojiwi. Tunatandika mkeka, Hamida analia, mie napokea wageni.

— Sifi leo, akasema Mnara. Kahawa bado ninayo.

Benedikto akamgeukia Mnara.

— Lakini mzee, zile meseji za kuwaita watu, mbona hukuwafikishia?

Mnara akatoa simu, akainyoosha mbali mkono wote, akaisogeza puani, akairudisha mfukoni.

— Nilidhani ni wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Halafu hapa mtandao unasumbua.

Mara bajaji ikasimama, akashuka dada mmoja mwenye faili kwapani.

— Shikamooni. Naitwa Demetria, natoka kwa mfadhili. Namtafuta Mzee Sadallah.

— Ametutoka! akalia Mchambuzi.

— Marahaba, mwanangu. Ndiye mimi.

Mchambuzi akakaa taratibu. Demetria akaomba simu, akaanza kufungua meseji ambazo hazijawahi kufunguliwa. Akafika ya chini kabisa, akaisoma kwa sauti.

— "Ndugu Sadallah, miwani yako ya kusomea iko tayari. Fika ofisini uichukue." Mzee, mbona hukwenda?

— Waliniambia nisubiri meseji.

Demetria akamgeukia Benedikto.

— Sasa nyie mlitegemea aisomeje?

Benedikto aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka. Akavuka barabara mbio hadi ofisini, akarudi na miwani ya mzee, akamvisha mwenyewe kwa mikono miwili. Mnara akaishika simu karibu, akatabasamu, kisha akavuta pumzi.

— Adelinaaa! Unaitwa ukapimwe macho! Alfonsiii! Na wewe! Petrooo!

Adelina akatoka na futi ya kupimia nguo shingoni. Alfonsi akaja na patasi mkononi. Milango ikaendelea kufunguka. Demetria alitazama watu wanavyozidi kujaa, akatoa ripoti kwenye faili na kuikata mstari pale palipoandikwa mteja mmoja. Hamida akainamisha birika, hakikutoka kitu.

— Kahawa imekwisha, jamani.

— Ngojeni, akasema Mnara, bado nasoma.